Nauli Rahisi Katika Msimu wa Tufani

Kila mwaka, ifikapo Agosti na Septemba, nauli za meli za starehe zinazozunguka visiwa vya bahari ya Karibi hushuka. Sababu haifichiki. Msimu wa tufani huko huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, na kilele chake huwa Septemba. Tufani hizo huzaliwa juu ya maji ya moto, na upepo wake hupita kasi ya kilomita 119 kwa saa. Mtalii mwenye fedha za kuhesabu huona hapo ndipo penye nafuu, akakata tiketi.

Mimi sisemi mtu asisafiri. Meli za siku hizi ni kubwa, zina mitambo ya kupokea habari za hewa, na nyingi huenda kasi kuliko tufani yenyewe. Nahodha akipata habari ya dhoruba hugeuza njia mapema. Abiria aliyelipa ili aone kisiwa fulani ataonyeshwa kingine, au atakaa baharini siku moja zaidi. Hasara yake mara nyingi ni hiyo tu. Ninalotaka kunena leo ni habari za wale wengine waliomo melini, ambao hawamo katika picha za matangazo.

Ndugu msomaji, tazama yaliyoipata Fantome mwaka 1998. Ilikuwa meli ya matanga yenye milingoti minne, ikichukua watalii kando ya Honduras na Belize. Oktoba mwaka huo tufani iliyoitwa Mitch ilipokaribia, abiria waliteremshwa salama katika mji wa Belize City, pamoja na baadhi ya wafanyakazi. Meli ikarudi baharini kutafuta mahali pa kujificha. Watabiri walikuwa wametazamia tufani ielekee kaskazini-magharibi, lakini ikageuka kusini. Oktoba 27 meli ilipotea karibu na visiwa vya Honduras ikiwa na watu 31, nahodha na mabaharia wake, wengi wao wenyeji wa nchi za bahari hiyo hiyo. Hakuokoka hata mmoja.

Abiria walikwenda kwao wakiwa na la kusimulia. Wafanyakazi hawakurudi. Hapo ndipo ninapoona kosa la kuizungumza safari hii kana kwamba ni kamari ya mtalii peke yake, eti nauli ni yake na roho ni yake. Starehe ina mwenyewe, na ina mtumishi wake. Mtalii akiogopa huweza kuahirisha safari. Mpishi, mfua nguo na mtu wa mitambo wanakwenda meli iendako.

Sisi watu wa pwani tuna mila katika jambo hili. Tufani kali hazitufikii mara kwa mara, kwa kuwa tu karibu na ikweta, lakini wazee wetu walijua kuwa bahari ina majira. Majahazi yaliteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, yakarejea kwa kusi. Kusi ilipochacha, vyombo vilipandishwa pwani, vikatiwa kalafati na kupakwa sifa, na mabaharia wakangoja. Tajiri mwenye shehena angeweza kunung'unika, lakini mwenye kuamua alikuwa nahodha. Kawia ufike, ndivyo walivyosema.

Jambo hili latuhusu hata leo, maana vijana wetu, wa Mombasa na hata wa bara, huajiriwa katika meli za starehe kama wapishi, wahudumu na wasafishaji. Mzazi hufurahia fedha zinazotumwa nyumbani, na ni haki yake. Lakini kabla kijana hajatia sahihi, na aulize: meli itakuwa bahari gani mwezi wa Septemba? Nikifikwa na mauti, warithi wangu watalipwa nini, na nani? Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unampa baharia haki ya kuyajua masharti ya kazi yake kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si utovu wa adabu.

Na wewe unayepanga kwenda kustarehe huko, nenda. Visiwa vile vinaishi kwa fedha za wageni, na baada ya tufani huzihitaji zaidi. Ila nahodha akitangaza kwamba bandari uliyoahidiwa haifikiwi, usipige kelele wala usidai fedha zako kwa matusi. Kelele za abiria humfikia tajiri wa meli, na tajiri naye humsukuma nahodha. Mwache nahodha awe huru kuogopa. Hofu yake ndiyo inayowarudisha nyumbani wote waliomo, waliolipa nauli na wanaolipwa mshahara.