Bei ya Mapambo ya Mchezo Itajwe kwa Shilingi

Majuma machache yaliyopita, nilipokuwa sebuleni nikisahihisha tasnifu za wanafunzi wangu, mwanangu wa umri wa miaka 13 alinijia kwa adabu isiyo ya kawaida. "Baba," akasema, "naomba uninunulie sarafu elfu moja na mia mbili." Nilimwuliza ni sarafu gani hizo, kwa maana shilingi nazijua na senti nazikumbuka. Akanieleza kuwa ni sarafu za mchezo ambao yeye na wenzake huucheza kwa simu, na kwamba alikusudia kuzitumia kununulia skini.

Kwa faida ya msomaji ambaye hana kijana nyumbani, skini ni vazi au sura anayovishwa mhusika wa mchezo. Aghalabu haimwongezei mchezaji nguvu, kasi wala shabaha. Ni pambo tu. Nilimwuliza mwanangu bei yake kwa shilingi za Kenya. Hakuijua. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu zote, ilinichukua karibu nusu saa kuipata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza wazazi wenzangu wakilalamika kwamba mapambo haya yanauzwa ghali kupita kiasi, na vijana wakiwajibu kwamba kila mtu na hiari yake. Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, naona kwamba zinabishana juu ya jambo ambalo bado halijawekwa wazi. Haiwezekani kuamua iwapo kitu ni ghali au rahisi kabla ya muuzaji kuitaja bei yake kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa. Katika biashara hii, bei haitajwi hivyo.

Kwanza tuitazame historia, maana si ndefu. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza siraha ya farasi kwa wachezaji wa mchezo wake uitwao Oblivion. Ilikuwa pambo la farasi, na bei yake ilikuwa dola 2.50. Wachezaji wengi walicheka, na wengine wakakasirika. Mnamo 2010 kampuni ya Blizzard ikauza farasi anayemetameta katika mchezo wa World of Warcraft kwa dola 25, na watu wakapiga foleni ya mtandaoni kumnunua. Mwaka 2024 kampuni ya Riot, yenye mchezo wa League of Legends, ilitoa fungu la mapambo ya kumuenzi bingwa wa Korea Kusini ajulikanaye kama Faker. Fungu lililokuwa kubwa kuliko yote liligharimu zaidi ya dola 400. Kwa hesabu ya takriban shilingi 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 52,000. Kwa muda wa miaka 18 tu, kile kilichochekwa kwa dola mbili unusu kimekuwa biashara ya kutegemewa na kampuni kubwa kubwa.

Wanaolalamika husema kwamba pambo la aina hii likishachorwa mara moja, kulinakili mara milioni moja hakumgharimu muuzaji chochote cha maana, kwa hiyo bei yake ni wizi. Hoja hii hainiridhishi. Katika lugha yetu tuna maneno mawili, bei na thamani, na yote mawili asili yake ni Kiarabu. Ajabu ni kwamba neno la Kiarabu tulilolitohoa kuwa thamani, kwao lina maana ya bei, ilhali lile tulilolitohoa kuwa bei, kwao ni tendo la kuuza. Waswahili walipoyapokea waliyagawia kazi mpya: bei ni kile anachotoa mnunuzi, na thamani ni uzito wa kitu chenyewe machoni pa mwenye kukitaka. Tofauti hiyo ina maana. Thamani ya pambo haijawahi kupimwa kwa gharama ya kulitengeneza.

Tazama leso. Mama anayekwenda dukani Mombasa au Lamu kununua leso hanunui pamba peke yake. Hununua rangi, hununua mji wake na pindo zake, na zaidi ya yote hununua jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Jina halimwongezei mvaaji joto. Lakini humsemea, humfumbia jirani, humpongeza bi harusi. Leso yenye jina lililopitwa na wakati hudoda dukani hata kama pamba yake ni ile ile.

Au tuirejee karne ya 19, wakati misafara ilipotoka pwani kwenda bara ikiwa na shehena za ushanga. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake kuhusu nchi za maziwa kilichochapishwa mwaka 1860, aliandika kuhusu ushanga mwekundu ulioitwa samesame. Ulikuwa na majina mengine ya utani yenye maana ya "kimaliza chakula" na "kivunja mji", kwa sababu watu walikuwa tayari kuukosa mlo na kuzifilisi nyumba zao ili waupate. Basi kijana wa leo anayetoa pesa zake za matumizi kwa ajili ya skini hakuanzisha wazimu mpya. Binadamu ni mpenda mapambo, naye hulipia kuonekana.

Isitoshe, haki inatudai tukubali hoja ya wenye michezo. Mingi ya michezo hii huchezwa bila malipo. Fortnite, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Epic Games, huchezwa na mamilioni ya watu ambao hawajatoa hata senti moja. Wachoraji, waandishi wa programu na seva hulipiwa na wale wanaonunua mapambo. Maadamu pambo halimpi mnunuzi nguvu za kumshinda asiye nacho, utaratibu huo unaweza kutetewa kuliko ule wa kumuuzia tajiri ushindi.

Kosa basi liko wapi? Kwa maoni yangu liko katika namna bei inavyosemwa.

La kwanza ni hiyo sarafu ya kubuni. Mchezo hauuzi skini kwa dola wala kwa shilingi. Huuza kwanza sarafu zake, kisha sarafu hizo ndizo zinazonunua skini. Shilingi mia tano tunaijua uzito wake, kwa kuwa tunajua itanunua unga kiasi gani. Sarafu 500 za mchezo hazina uzito wowote akilini. Mnunuzi anakuwa kama mgeni katika nchi ngeni, anayelipa noti za rangi rangi bila kujua ametoa nini. Na mgeni huyo, mara nyingi, ni mtoto.

La pili ni vifurushi visivyolingana na bei. Chukua mfano wa Fortnite. Mnamo Oktoba 2023 nchini Marekani, kifurushi kidogo cha sarafu 1,000 kilipandishwa kutoka dola 7.99 hadi 8.99. Mchezo huo umekuwa na skini nyingi za sarafu 1,200. Mwenye kuitaka moja, ikiwa hana akiba, ilimbidi anunue vifurushi viwili vidogo kwa dola 17.98, abaki na sarafu 800 asizoziomba, au achukue kifurushi cha 2,800 kwa dola 22.99, abaki na 1,600. Masalio hayo hayarudishwi kuwa pesa. Hubaki pale yakimwita arudi. Muuza nguo wa Gikomba akikuambia shati ni shilingi 1,200, nawe ukampa elfu mbili, akakataa kukurudishia chenji ila kwa karatasi za kununulia kwake tu, utapiga kelele soko zima likusanyike. Mtandaoni tunanyamaza.

La tatu ni saa. Duka la mchezo huonyesha pambo kwa siku moja au chache, huku saa ikihesabu kurudi nyuma mbele ya macho ya mtoto. Ununuzi wenyewe ni wa kubonyeza mara moja. Neno letu rahisi lina maana mbili, kitu kisicho ghali na jambo lisilo gumu. Katika maduka haya maana ya pili imekuzwa ili ile ya kwanza isiulizwe.

La nne ni umiliki. Leso ikinunuliwa ni yako. Utaifunga, utaigawa, utamrithisha bintiye dada yako. Skini, katika michezo mingi, huwezi kuiuza wala kuirithisha. Kwa mujibu wa masharti marefu ambayo hakuna ayasomaye, umepewa ruhusa tu ya kuitumia. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za mchezo wake wa The Crew tarehe 31 Machi 2024, wachezaji waliokuwa wamelipia mchezo wenyewe hawakuweza kuucheza tena. Ikiwa nyumba inaweza kufungwa hivyo, sembuse mapazia yake?

Kuna wanaosema kwamba mzazi akikataa, mambo yamekwisha. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Miongoni mwa vijana, mchezaji anayebaki na vazi la kuanzia hudhihakiwa. Yameshazuka maneno ya kumtania, na mwanangu aliponisimulia aliyoitwa na wenzake, sauti yake ilibadilika. Pambo lililodaiwa kuwa la hiari limegeuka kuwa kama sare ya shule: asiye nayo huonekana mara moja. Kwa mtoto wa miaka 13, hilo si jambo dogo, nasi wazazi tusilifanyie mzaha.

Nchi nyingine zimeanza kuamka. Mnamo Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Epic Games, nayo ikakubali, kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Tume ilieleza kwamba vitufe vya Fortnite vilipangwa kwa namna ya kuwafanya watu walipe bila kukusudia, na kwamba kwa muda watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Januari 2025 tume hiyo hiyo ilifikia mapatano ya dola milioni 20 na watengenezaji wa Genshin Impact, kwa madai yaliyojumuisha kuwaficha watoto gharama halisi ya zawadi za kubahatisha. Machi 2025 mamlaka za kuwalinda wateja katika Umoja wa Ulaya zilitoa kanuni zinazotaka bei ionyeshwe wazi kwa pesa halisi, na mnunuzi asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji.

Nasi humu nchini hatukosi msingi wa kusimamia. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na tunayo Mamlaka ya Ushindani. Yanayohitajika si mageuzi makubwa. Kila pambo linalouzwa kwa simu iliyo Kenya liandikwe bei yake kwa shilingi, kando ya sarafu za mchezo. Mnunuzi aruhusiwe kununua kiasi kile kile anachohitaji, asilazimishwe kuongeza. Saa ya kuwaharakisha wanunuzi iondolewe katika akaunti za watoto. Na kabla pesa za M-Pesa za mzazi hazijaondoka, mzazi aulizwe kwa maneno yanayoeleweka.

Haya yakifanyika, huenda ikadhihirika kwamba baadhi ya mapambo si ghali kama tunavyodhani, na kwamba mengine ni ghali mno hata hayatapata mnunuzi. Hiyo ndiyo kazi ya bei, kumwezesha mtu kupima na kuamua. Sidai serikali iwapangie wenye michezo bei, kama vile nisivyodai iwapangie wauza leso.

Nikimrudia mwanangu, sikumpa jibu usiku ule. Nilimpa kalamu na karatasi, nikamwambia ageuze zile sarafu ziwe shilingi, aongeze na zile za ziada ambazo angelazimika kununua, kisha aandike kando vitu vingine vitatu ambavyo pesa hizo zingenunua. Alirudi baada ya muda mrefu. Jumla ilipita shilingi 2,000, na katika orodha yake kulikuwamo viatu vya mpira alivyokuwa akiviomba tangu muhula uliopita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, sikujua ni pesa nyingi hivi."

Viatu tulinunua Jumamosi iliyofuata. Skini bado anaitamani, nami simlaumu. Amekwisha kuanza kuwekea akiba, na kiasi anachokihesabu sasa anakihesabu kwa shilingi.