TANKI TUPU HALIKO TUPU: Neno kwa mafundi wetu wa Diepsloot

Leo naweka pembeni mada za presha na sukari tulizozizoea. Nataka kuongea na ninyi mafundi, na pia na akina mama na akina dada mnaoishi na mafundi, maana mara nyingi ninyi ndio mnaotuletea majeruhi.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea nyumbani Tanzania, baadaye nikasoma tena huku ugenini, na kazi hii nimeifanya miaka zaidi ya ishirini. Majeraha ya moto nimeyaona ya kila aina: uji, chai, majiko ya mafuta ya taa kwenye vibanda vya mabati. Lakini kuna moja linaloniuma kwa sababu lilikuwa na kinga.

Kijana mmoja wa kwetu alikuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba hapa Diepsloot. Mwenye shamba upande wa Lanseria akamletea tanki la trekta la zamani, limeoza kwa kutu na linavuja. Kijana akamwaga mafuta, akaliosha kwa sabuni ya unga, akalianika juani siku mbili. Akalinusa, hakusikia harufu. Akawasha grenda asafishe kutu kabla ya kuchomelea. Mlipuko ulisikika mtaa wa pili. Alifika kwetu kesho yake, uso na mikono imepakwa dawa ya meno. Kwa nini kesho yake? Aliogopa kuulizwa karatasi.

Sisi Waswahili tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Samahani wazee wangu, kwa hili napinga! Hii ina kinga, na wala si ya gharama.

KWANZA, ELEWA KINACHOLIPUKA
Petroli yenyewe ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Ndiyo maana tanki lililojaa pomoni lina hewa kidogo sana ndani, lakini lile unaloliita tupu lina nafasi ya kutosha kutengeneza bomu. Mafuta hujificha kwenye kutu, kwenye maungio na chini ya tabaka la uchafu. Unaosha leo, unapopasha chuma moto yanatoka upya. Na pua yako si kipimo.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutambaa chini hadi kwenye jiko la jirani. Wanaokumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka, wanajua petroli haimsubiri mtu.

Kuna wanaonijibu: "Dada, hili ni la dizeli tu." Ni kweli, dizeli haishiki moto kirahisi, inahitaji joto la nyuzi 55 hivi au zaidi. Lakini moto wa kuchomelea ni wa maelfu ya nyuzi! Wewe mwenyewe ndiye unayeipikia dizeli iliyobaki mpaka iwe mvuke.

Wengine husema: "Nimechomelea matanki mia, sijawahi kuumia." Ndugu yangu, hiyo mia haikuonyeshi kwamba njia yako ni salama. Inaonyesha kwamba mara mia mchanganyiko haukuwa umetimia. Mazoea yana taabu.

PILI, FANYA HIVI
Usichomelee, usikate, usitoboe kwa drili wala kupiga grenda tanki lililowahi kuwa na mafuta. Kuna viwanda vyenye mvuke wa maji moto, gesi ya kuondoa hewa na kipima gesi. Kama huna hivyo, kazi hiyo si yako. Kuingiza moshi wa ekzosi au kujaza maji nusu si kinga.

Tundu dogo linazibika bila moto. Fungua betri, ukianza na waya hasi. Toa mafuta nje penye hewa, kupitia koki yake, yaingie kwenye dumu la chuma lenye kifuniko. Usinyonye mpira kwa mdomo. Petroli ikipita njia ya hewa inachoma mapafu. Ondoa kutu kwa msasa wa mkono uliolowana. Paka gundi ya epoksi ya kuchanganya, ile iliyoandikwa kwamba inastahimili mafuta, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ile sabuni ya mche tunayobandika ni ya kukufikisha nyumbani tu. Tanki likiwa limeoza sana, mwambie mwenye trekta anunue jingine, hata la mtumba.

Najua atakachosema: ghali mno, nitampelekea fundi mwingine. Hapo ndipo penye uchungu. Kazi ambayo karakana kubwa imeikataa kwa hatari yake huletwa kwetu wageni kwa sababu tunaona haya kusema hapana. Rafiki, hiyo randi mia chache haitoshi hata bandeji za mwezi. Kataa!

TATU, MOTO UKISHATOKEA
Zima moto mwilini: lala chini, jiviringishe. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; inasaidia hata saa tatu baadaye. Si barafu. Si dawa ya meno, yai, siagi wala asali. Vua pete na saa mapema, kisha funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula. Sauti ikikwaruza au pua ikiwa na masizi, ni dharura hata kama anaongea vizuri. Piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Na karatasi? Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakuna MTU, si hakuna raia. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwakataza Operation Dudula kuwazuia wageni kuingia kliniki. Najua hofu haiishi kwa hukumu. Basi msiende peke yenu, nendeni na jirani anayejua lugha.

Kijana wetu alipona, ila vidole viwili havikunji tena. Mpelekee fundi unayemfahamu maneno haya kabla hajawasha grenda.

Afya njema, tuonane tena.