Injinia Asiyemsikiliza Spana Boi

Nchi hii inaliheshimu sana neno "Injinia." Tunaliandika mbele ya jina hata kwenye kadi za michango ya harusi. Sina ugomvi na cheo. Nagombana na imani inayoambatana nacho: kwamba mwenye cheti kikubwa ndiye anayelijua gari.

Niliamini hivyo mpaka masika moja hapa Morogoro. Tulikuwa watano tukiandaa gari dogo la mbio, na mimi niliongoza kwa sababu moja tu: nilikuwa na shahada. Asubuhi ya majaribio, Uluguru yote imefunikwa na ukungu, kijana wa gereji alizungusha tairi la mbele kwa mkono, akatega sikio, akasema, "Kaka, beringi inaunguruma." Nikafungua daftari. Beringi ilikuwa na siku sita. "Hiyo mpya," nikamjibu. "Shusha jeki." Akashusha.

Kilomita chache ndani ya barabara ya shamba la mkonge, tairi lilichomoka. Dereva alitoka mzima, kwa bahati tu. Tulipofungua tukakuta sili imechanika; maji ya kijito tulichovuka juzi yake yalikuwa yameingia na kuosha grisi yote. Kwenye ripoti nikaandika: "Sababu: kipuri hafifu." Nikamsingizia muuza spea. Jina la kijana sikuliandika popote.

Huo uongo wa mstari mmoja ndio elimu yetu ya uongozi. Tunafundishwa kukokotoa mzigo wa beringi, hatufundishwi kumwambia aliye chini yetu, "Umeona nisichokiona."

Mchezo wenyewe una historia tofauti. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara ndiyo iliyokuwa mtahini. Joginder Singh, aliyeishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, alianzia kwenye ufundi wa magari; akashinda tena 1974 na 1976. Ove Andersson alishinda 1975 kwa Peugeot 504, kisha akaongoza timu ya Toyota iliyotwaa Safari mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Aliwatuma watu kwenye matope aliyokuwa ameyaendesha mwenyewe. Timu kubwa za enzi hizo zilirusha mafundi kwa helikopta juu ya gari, spana mkononi, kwa kuwa zilijua jambo rahisi: anayeokoa mashindano ni aliye karibu na kilichoharibika.

Watasema: kila mtu akisema, kazi haiishi, dakika za matengenezo zinahesabika. Kweli, jeki ikishapanda lazima sauti moja iamue. Lakini sauti hiyo inaamua kwa taarifa gani? Kiongozi aliyewanyamazisha watu wake anaamua haraka, na anaamua gizani.

Watasema pia kwamba fundi wa mtaani anabahatisha. Wapo wanaobahatisha. Basi mpime, mwambie akuonyeshe. Kutikisa tairi juu ya jeki kungenichukua dakika moja. Na pikapu zinazoshusha ndizi kutoka Kinole kila siku haziendeshwi na bahati. Kuna mtu anayezisikiliza breki zake kabla ya mteremko.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nikianza na nafsi yangu. Yeyote anayegusa gari awe na haki ya kusema "lisitoke," na haki hiyo iandikwe. Ripoti itaje jina la aliyegundua kasoro, si la aliyeisaini tu. Na mwanafunzi wa uhandisi akae gereji muda wa kutosha kukosolewa na mtu asiye na cheti, mpaka azoee.

Mwezi uliopita nilirudi gereji nikamwambia yule kijana nilichoandika. Alicheka kidogo, akaendelea kufungua nati. "Najua, kaka," alisema. "Ndiyo maana siku hizi mainjinia siwaambii kitu."

Magari mangapi yako barabarani sasa hivi kwa sababu ya ukimya huo?