Nani Kasema Wimbo Mwepesi ni Wizi wa Maksi?

Katika toleo lililopita kaka yetu mmoja, ambaye simtaji jina kwa kuwa tunakunywa naye chai meza moja, ametuandikia kwamba kina dada wanaoshindana karaoke wameua uimbaji. Eti wanachagua nyimbo nyepesi makusudi, mashine inawapa tisini na kitu, wanabeba zawadi, halafu wanajiita waimbaji. Akaliita jambo hilo wizi wa maksi. Nimeisoma makala yake mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama. Sasa namjibu, na ninamwomba mhariri asinikate.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji. Wimbo mwepesi ni upi? Kaka anaandika kana kwamba ni wimbo wa chekechea. La hasha. Mashine za Kijapani zinazotoa maksi kwa mia, pamoja na programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, hazina sikio kama la kwako na la kwangu. Ndani yake kumewekwa njia ya sauti ya wimbo mzima, kama reli. Sauti yako ikipita juu ya reli unapata, ikichepuka unakatwa. Zipo zinazopima pia unavyoishikilia sauti ndefu na unavyoitetemesha. Basi mwenye akili anayetaka maksi anatafuta wimbo usiopaa sana wala kuzama sana, usiokimbia, usioruka ghafla kama mbuzi wa mlimani, na wenye mahali pa kuvuta pumzi. Hapo kuna wizi gani?

Chukua Nada Sōsō, wimbo ambao mwimbaji Rimi Natsukawa aliutoa huko Japani mwaka 2001. Unakwenda taratibu, haumchoshi mtu, na wanawake wengi wa kule huupenda kwenye karaoke. Maneno yake aliyaandika Ryoko Moriyama akimkumbuka kaka yake aliyefariki. Huo ndio wimbo mwepesi. Mwepesi kooni tu. Moyoni, we acha.

Halafu kaka amesahau alikokulia. Hapa Ufipa nani hajui kwaya? Nenda Matai, nenda Laela, nenda Kaengesa, Jumapili utakuta watu wamejipanga kwa sauti nne, na mwalimu wa kwaya anahangaika na kii, yaani ile sauti ya kuanzia. Mimi nimeimba sauti ya pili tangu darasa la sita. Ikifika mwezi wa saba, upepo wa hapa kwetu umewakausha watu makoo, sauti ya kwanza wanaanza kupiga kelele badala ya kuimba. Mwalimu anafanya nini? Anashusha kii. Anasema, "Jamani tuanze chini kidogo," tunaanza chini, misa inakwenda vizuri, na padre hajawahi kusimama altareni kututangazia kwamba kina mama wa sauti ya kwanza ni wezi. Kumpa mwimbaji wimbo unaomwenea ni kazi ya kwanza ya mwalimu wa kwaya. Ikifanyika kanisani inaitwa ufundi. Dada akiifanya mwenyewe, bila mwalimu, na mbele yake kuna zawadi, imekuwa wizi.

Lakini hilo bado dogo. Kubwa ni kwamba kaka anaitetea karaoke asiyoijua ilivyozaliwa.

Bwana Daisuke Inoue alikuwa mpigaji muziki wa kwenye mabaa ya mji wa Kobe. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wateja wanaopenda kuimba na hawajui. Mteja akichelewa, naye anachelewa. Mteja akishuka, naye anashuka. Alikuwapo mteja mmoja, mkuu wa kampuni ndogo, aliyetaka Inoue asafiri naye akampigie muziki kwenye matembezi ya wafanyakazi wake. Inoue hakuweza kwenda. Akamrekodia muziki kwenye mkanda, kwa mwendo na kii ambavyo yule bwana aliviweza. Bwana akaimba, akafurahi, na Inoue akapata wazo. Mwaka 1971 akatengeneza mashine 11 na kuzikodisha kwenye mabaa. Hakuomba hataza, ndiyo maana utajiri ulikwenda kwa wengine. Mwaka 2004 kule Marekani alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, upande wa amani, kwa kuwapa binadamu njia mpya ya kuvumiliana.

Umeona, kaka? Karaoke ilianza kwa mwanamume mwenye cheo aliyeshonewa wimbo kwa kipimo cha koo lake. Wala mashine ile ya kwanza haikutoa maksi. Yeye dunia haikumwita mwizi, ilimwita mteja. Sasa binti wa Chanji au Katandala akijishonea mwenyewe, bila kumlipa mpigaji, ndipo mnakumbuka heshima ya sanaa!

Msidhani nabishana hewani. Baa moja hapa mjini iliandaa shindano, zawadi shilingi laki moja, na masharti yalisomwa mbele ya watu wote: anayepata maksi nyingi za mashine ndiye mshindi. Rafiki yangu mmoja, mshona nguo, alijiandaa wiki mbili. Mchana alikuwa akishona huku simu inaimba pembeni ya cherehani. Alijaribu nyimbo kama ishirini, akabaki na mmoja aliouweza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Usiku ule akapata 93. Aliyemfuata, mwanamume, alikuwa na 86, na alikuwa amechagua wimbo wa kupayuka ambao nusu yake aliuimba kwa mikono. Basi pakatokea mzee mmoja mwenye bia yake akasema wimbo wa yule dada ni rahisi mno, apunguziwe kumi. Wenzake wakapiga meza. Mwenye baa akaangalia ni nani wananunua vinywaji, akapunguza kumi. Laki ikaenda kwa 86.

Ile laki ilikuwa ni kodi ya kibanda. Rafiki yangu hakulia, alikunja kitenge chake akaondoka, na kesho yake alikuwa kwenye cherehani saa moja asubuhi. Kaka anauliza nani ameiba maksi. Mimi namjibu kwa hesabu: 93 kutoa 10 ni 83, na hiyo 10 haikutolewa na mashine.

Nije kwenye lile ambalo vijana wetu hawapendi kulisikia. Hizo nyimbo "nzito" wanazotaka dada zetu waziimbe ni za nani? Fungua hazina ya muziki wetu wa dansi: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Hemedi Maneti. Nawapenda wote, nyumbani kwetu wameimba kuliko redio ya jirani. Lakini ni sauti za kiume, zimerekodiwa kwa kii za kiume. Mwanamke akiziimba zilivyo, ama anazama hadi sauti inakuwa pumzi tupu, ama anapandisha juu kabisa na kupasuka. Wanawake kwenye bendi zile walikuwa wa kuhesabu. Kida Waziri wa Vijana Jazz tunamkumbuka vizuri kwa sababu hakuwa na wenzake wengi. Ukitaka nyimbo zilizokatwa kwa koo la mwanamke unakwenda kwenye taarabu, ama unasubiri hadi miaka ya 2000 waje kina Lady Jaydee, Ray C na Saida Karoli. Sasa mtu amepewa kabati lenye suruali za baba yake, akachagua gauni moja linalomtosha, mnamcheka kwamba ameogopa suruali?

Na wanapopewa nafasi sawa tumeona. Tusker Project Fame ilipata washindi sita kati ya 2006 na 2013, na watatu walikuwa wanawake: Valerie Kimani, Esther Nabaasa, Ruth Matete. Nandy wetu alikwenda Lagos mwaka 2016 kwenye shindano la karaoke la Tecno, akarudi na nafasi ya pili. Sijamsikia mtu akimuuliza leo kama wimbo wake ulikuwa na kilo ngapi.

Sisi waandishi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kusema maneno haya. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, si alishambuliwa? Waliambiwa, yeye na wenzake, kwamba wamekimbia ugumu. Leo nusu ya mashairi ya gazeti letu hayana vina, likiwemo la kaka huyuhuyu, ukurasa wa kumi na moja, na mimi nililipenda.

Jambo moja nampa, maana nisingependa aseme namwonea. Mashine haisikii maneno. Marehemu Bi Kidude, kwa zile kona zake na ile sauti ya moshi, sidhani angefikisha hamsini. Anayetafuta maksi ananyoosha sauti kama anapiga pasi, na ladha nyingine inaungua humo. Kweli. Lakini hilo ni kosa la mizani, kaka, na mizani ikiwa mbovu sokoni tunamkamata mwenye duka, hatumpigi makofi mama aliyeleta maharage.

Kwa hiyo nina ombi. Kaka achague siku, nami nitaleta simu na spika ya kuazima. Aimbe wimbo wowote wa Lady Jaydee au Saida Karoli, kwa kii ileile walioimbia wao, asishushe hata nusu hatua. Nitakaa mbele na kalamu. Akifika sabini nitamnunulia chai mwezi mzima, na maandazi juu.