Sauti Zilizopita Hewani Zimehifadhiwa Wapi?

Mtafiti anayetaka kujua Watanzania walisikiliza nini mwaka 1970 ana pa kuanzia. Katika maktaba ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya TBC, zimo kanda za NUTA Jazz, za Western Jazz, za Atomic Jazz ya Tanga, za Morogoro Jazz enzi za Mbaraka Mwinshehe. Zimo hotuba za Mwalimu Nyerere. Nyingi zimechakaa, na kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta imekwenda kwa kusuasua, lakini zipo na mwenye dhamana nazo anajulikana. Mtafiti huyohuyo akitaka kujua vijana wa Dar es Salaam walisikiliza nini jioni ya siku ya kawaida mwaka 2001, ataishia kuuliza watu. Mmoja atamtajia kipindi, mwingine atambishia jina la mtangazaji, wa tatu atamwambia kaseti anazo, ila ziko kwa mama yake mkoani.

Toleo hili limetengwa kwa ajili ya redio za kibiashara, na neno hili la kulifungulia lina hoja moja: leseni ya redio yaweza kuwa ya mtu binafsi, lakini kumbukumbu inayozaliwa na redio hiyo ni ya umma, nayo inapotea. Mfano utakaotumika hapa ni Clouds FM ya Dar es Salaam. Haikuwa redio binafsi ya kwanza nchini. Ila ni vigumu kuieleza Tanzania ya mjini ya miaka 25 iliyopita, muziki wake, lugha yake ya mtaani na hata siasa zake, bila kuitaja.

Kabla ya redio binafsi ilikuwepo redio moja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza matangazo ya majaribio mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukiacha Zanzibar, iliyokuwa na redio yake, nchi nzima ilitega sikio mahali pamoja. Taarifa ya habari, Majira, Mama na Mwana, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, salamu za Ugua Pole kwa wagonjwa, matangazo ya vifo yaliyofanya nyumba nzima inyamaze. Redio hiyo ndiyo pia iliyokuwa studio. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda kurekodi huko, mashairi yake yakapitiwa kwanza, na malipo hayakuwa ya kujivunia. Hata hivyo kazi ilibaki kwenye kanda, na kanda ikawekwa kwenye rafu. Hilo ndilo jambo la kulishika: dola iliyokuwa na hofu ya kusemwa vibaya ilikuwa pia dola yenye tabia ya kutunza.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba huo. Mwaka uliofuata Radio One ya Reginald Mengi ikawa hewani, na Radio Tumaini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam nayo ikaanza. Kule Mwanza ikaja Radio Free Africa. Ni Radio One iliyowapa vijana nafasi ya kwanza ya maana. Katika kipindi cha DJ Show, Taji Liundi na Mike Mhagama walipiga nyimbo za marapa wa Kiswahili wakati watu wazima wengi wakiuona muziki huo ni uhuni. Mhagama ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeubatiza muziki huo jina la Bongo Fleva.

Clouds ilitokea upande mwingine kabisa, kwenye disko. Joseph Kusaga alianza na disko la kuhamahama, Arusha kisha Dar es Salaam, la vijana wenye spika, santuri na hamu ya kuchezesha watu. Katika miaka ya 1990 kundi hilo likawa na studio, Mawingu, ambako Boniface Kilosa, anayejulikana zaidi kama Bonny Luv, alirekodi kazi za marapa wa mwanzo. Redio ilipofunguliwa mwaka 1999, waanzilishi wake walikuwa na kitu ambacho redio nyingine hazikuwa nacho: walijua kwa macho yao wimbo gani huwainua watu vitini. Ruge Mutahaba, aliyesoma Marekani na kurudi, akawa mkurugenzi wa vipindi na uzalishaji, na kwa karibu miaka 20 iliyofuata mengi yaliyosikika pale yalipitia mezani kwake.

Redio hiyo ilijiita ya watu, na ikajitahidi kusema kama watu wanavyosema. Hili lilikuwa tukio kubwa kuliko linavyoonekana leo. Mtangazaji wa Radio Tanzania alifundwa Kiswahili sanifu, sauti ya kifua, pumzi iliyopimwa. Mtangazaji wa Clouds aliongea kama anayebishana na rafiki yake kwenye kijiwe cha Kinondoni. Walimu wa lugha walilalamika, na lalamiko lao lilikuwa na msingi, maana Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza kila sentensi humchosha msikilizaji wa Namtumbo ambaye hakuomba kuchanganyiwa. Lakini yapo pia yaliyopatikana. Kipindi cha Power Breakfast kilisoma magazeti ya asubuhi na kuyajadili kwa lugha ambayo kondakta wa daladala aliweza kuidakia. Leo Tena iliyapeleka mazungumzo ya ndoa na uzazi sebuleni na saluni. Katika Njia Panda mtu asiye na jina kubwa alisimulia maisha yake yote, ulevi, jela, kufiwa, kusamehewa, na nchi ikasikiliza. XXL ikawa mlango wa kila msanii chipukizi. Jahazi ikamsindikiza mfanyakazi kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Kutoka kipindi cha Amplifaya, Millard Ayo alijifunza ripoti fupi zenye sauti ya tukio lenyewe, kisha akayahamishia mafunzo hayo kwenye simu za mamilioni.

Nje ya studio redio iligeuka kuwa kitu kingine. Tamasha la Fiesta lilizunguka mikoani na kuwapeleka wasanii mahali ambapo walikuwa wakisikika tu. Tanzania House of Talent, THT, mradi ambao Ruge aliupenda mno, iliwafundisha vijana kuimba, kucheza na kupiga ala. Mwasiti, Barnaba, Linah na Nandy ni miongoni mwa waliopitia hapo. Mashindano ya Ndondo Cup yaliipa soka ya mchangani hadhi ya kutangazwa kama ligi. Ukiyaweka pamoja unaona biashara iliyoelewa kwamba tangazo la sabuni halitauzika mpaka pawepo watu waliokusanyika kwa jambo wanalolipenda.

Nguvu ya namna hiyo ina upande wake mchungu, nao ni sehemu ya historia. Redio inayoweza kumtoa msanii inaweza pia kumzima. Joseph Mbilinyi, Sugu, mmoja wa mababa wa rap ya Kiswahili na mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, aligombana hadharani na uongozi wa Clouds. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Lady Jaydee, ambaye kabla ya kuwa nyota aliwahi kutangaza pale pale. Kila upande ulikuwa na maelezo yake, na jarida hili halikai kwenye kiti cha hakimu. Lakini lalamiko la msingi, kwamba wachache wanaamua nchi isikie nini na kwamba wimbo usio na mkono wa mtu ndani ya redio hausikiki, lilitolewa na wasanii wengi, dhidi ya vituo vingi, kwa miaka mingi. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, mwaka uleule Clouds ilipoanza. Wasanii wakasubiri zaidi ya miaka 20 ndipo ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ikaanza kuwagawia mirabaha ya nyimbo zao kupigwa redioni. Katika kipindi hicho chote redio zilikula mezani kwa muziki ambao hazikuulipia, na msanii akaambiwa ashukuru kwa kutangazwa. Haikuwa haki.

Upo pia mkono wa dola. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, aliingia kwenye ofisi za Clouds Mikocheni akiwa na watu wenye silaha. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya uchunguzi, akapokea ripoti tarehe 22, na tarehe 23 akaondolewa kwenye baraza la mawaziri. Agosti 2020, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia Clouds FM na Clouds TV kwa siku saba kwa madai ya kukiuka kanuni katika habari za wagombea. Tazama tofauti ya matukio haya mawili katika kumbukumbu. La 2017 kila mtu analijua, kwa sababu kamera za ulinzi zilirekodi na picha zikaonekana. Bila kamera zile lingebaki neno la huyu dhidi ya neno la yule, na kufikia leo lingekuwa uvumi.

Kisha watu wenyewe wanaondoka. Ruge Mutahaba alifariki Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019, akazikwa kwao Bukoba. Siku chache baada ya maziko, Ephraim Kibonde, sauti ya Jahazi, aliyekuwa mshereheshaji katika msiba huo, naye akafariki Mwanza. Mei 2 mwaka huohuo akafa Reginald Mengi. Kwa muda wa miezi miwili na siku kadhaa nchi ilipoteza mtu aliyeifungua redio binafsi kwa vijana, mtu aliyeigeuza kuwa kiwanda cha vipaji, na mmoja wa watangazaji waliopendwa kuliko wengi. Aprili 2024 akafuata Gadner Habash, mwenzake Kibonde kwenye kipaza sauti. Redio zilitenga siku nzima kuwaomboleza, na rambirambi zilikuwa za dhati. Lakini mahojiano marefu na ya kina, yale ya kumwuliza mtu aliajiriwaje, mitambo ya kwanza ilinunuliwa kwa fedha gani, nani alimpigia simu wimbo fulani ulipopigwa, hayo kwa sehemu kubwa yamezikwa nao.

Inauma zaidi kwamba mojawapo ya vitabu vyenye maelezo ya kina kuhusu biashara ya redio na muziki jijini, *Live from Dar es Salaam* cha mwaka 2011, kimeandikwa na Mmarekani, Alex Perullo, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Kongole kwake, alikaa, akauliza, akaandika. Lakini mwanafunzi wa uandishi wa habari wa Tabora anayetaka kuijua historia ya kazi aliyoichagua hapaswi kuipata kwa lugha ya kigeni tu, tena kwa bei ya kitabu kilichochapishwa Marekani.

Kuna watakaosema redio ni ya kupita. Maneno hupeperuka, kesho yaja mengine, na mwenye redio ana mishahara ya kulipa kabla ya kununua vifaa vya kuhifadhia. Hoja ya gharama ilikuwa na uzito enzi za kanda na minidisiki, vitu vilivyokula nafasi na kuota ukungu kwenye joto la Pwani. Leo mwezi mzima wa matangazo unaingia kwenye diski ya kubebwa mfukoni. Na tayari tunayo kanuni ya kuigwa: mchapishaji wa kitabu anatakiwa kisheria kuwasilisha nakala Maktaba Kuu ya Taifa, naye halalamiki kwamba amenyang'anywa mali. Ufaransa iliipanua kanuni kama hiyo kwa sheria ya mwaka 1992 hadi ikazigusa redio na televisheni, za serikali na za binafsi, na taasisi ya INA ikapewa kazi ya kuhifadhi. Tanzania ina redio zaidi ya 200. Si lazima kila dakika ya kila kituo ihifadhiwe. Kuanza na taarifa za habari, mijadala ya uchaguzi, mahojiano na tamthilia kungetosha kwa muongo wa kwanza.

Katika hilo, wa kwanza wangefaa kuwa wale waliofaidika zaidi. Clouds yenyewe, Radio One, Radio Free Africa, na hizi za baadaye kama EFM iliyoanza 2014 na Wasafi FM ya 2019, zimejengwa juu ya sauti za watu: wasanii waliopeleka nyimbo, wasikilizaji waliopiga simu kwa salio lao, watangazaji walioamka saa kumi usiku.

Kurasa zinazofuata zinaanza kazi ya kuhifadhi kumbukumbu hizo kwa kiasi cha uwezo wa jarida. Kwa wenye vituo, ombi ni moja: kabla ya kuhama jengo, kubadili mitambo au kuuza kampuni, iteni maktaba ya chuo kikuu au Nyaraka za Taifa zije kuangalia kilichomo stoo. TCRA nayo iweke sharti la kuhifadhi katika leseni zijazo, kwa vigezo vinavyotekelezeka na redio ndogo ya wilayani. Na msomaji mwenye kaseti alizorekodi redioni, hata kama wimbo umekatwa katikati na sauti ya mtangazaji, asizitupe. Aandike juu ya kila moja tarehe na jina la kituo, kisha atuandikie.