Kasenga: Feza ya Kinshasa inaozea mkononi mwa mama muuza ndagala

Uvira, Kivu Kusini. Mama wa Kasenga anauza ndagala kwa franka, lakini jioni anapita kwa kambiste, anageuza faida iwe dola au franka ya Burundi, ndipo analala. Wakubwa wanasema mtu wa namna hiyo hapendi inchi yake. Mtaji wake wanaulinda wao?

Wapenzi wasikilizaji, franka ya Kongo ilipoanza mwaka 1998, dola moja ilikuwa chini ya franka 2. Mwaka 2024 dola ile ile iliomba zaidi ya franka 2,800. Nani alikula hiyo tofauti? Si Mulongwe iliyofurika Aprili 2020 na kubomoa manyumba. Feza ilitolewa kupita mali iliyoko sokoni, serikali ikalipa madeni kwa karatasi mpya, na hasara ikamshukia aliyefikiwa wa mwisho. Ni kodi isiyopigiwa kura na isiyo na risiti.

Wazee wanakumbuka. Desemba 1992 Mobutu alitoa noti ya zaire milioni 5. Wachuuzi waliikataa, na askari waliolipwa nayo wakapora Kinshasa Januari 1993. Mwaka huo huo zaire milioni 3 ziligeuzwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Zidisha mwenyewe: franka moja ilimeza zaire za zamani miliari 300. Halafu Januari 1999 Laurent-Désiré Kabila akakataza watu kufanya biashara kwa dola! Dola zilijificha tu, hadi sheria ilipolegezwa mwaka 2001.

Watetezi wa Benki Kuu wanasema bila hiyo biashara itavurugika. Waulizwe waliokimbia Bukavu. Goma ilipochukuliwa Januari 2025, na Bukavu Februari, mabenki yalifunga milango, na mwenye akiba akabaki na namba ya konti. Aliyeendelea kuhudumia watu ni kambiste wa barabarani na kiti chake cha plastiki, asiye na biro wala gavana. Kambiste naye anatafuta faida, ndiyo, lakini akipunja, mteja anahamia kwa jirani yake. Benki Kuu haina jirani.

Basi wenye kudai uhuru wa soko wanaomba kidogo: serikali isijikopeshe kwa kuchapa, na kila mtu aachwe aweke akiba katika feza anayoiamini.

Na kile kinachobaki baada ya franka kuyeyuka kinangojewa mpakani Kavimvira. Amri ya Machi 2002 ilitaja idara nne tu zenye haki ya kufanya kazi mipakani: forodha, OCC, uhamiaji na usafi. Mama anayerudi toka Gatumba na beseni ya nyanya ahesabu meza anazosimamishwa. Akifika ya tano, aulize jina la idara na aombe risiti, kwa sauti, wenzake wakisikia.