Orodha tupu haina aliyepotea

Ndugu wasomaji, leo naanza na kompyuta lakini tutafika ziwani, kwa hiyo msinikimbie.

Kuna lugha za kuandikia programu ambazo kazi yake kubwa ni kushughulika na orodha. Mkongwe wao ni Lisp, aliyoibuni John McCarthy huko Marekani mwaka 1958. Mmoja wa wajukuu ni Haskell, iliyotoka 1990. Haskell ina fanksheni ndogondogo za orodha, na moja inaitwa length. Yenyewe inahesabu tu. Orodha ikiwa tupu, jibu ni 0. Ikiwa na kitu, inahesabu 1 na kujumlisha na hesabu ya vilivyobaki. Basi! Haiulizi ndani kuna nini. Ipe magunia ya dagaa wa Mwaloni Kirumba au majina ya wanafunzi, kwake ni sawa. Ndiyo maana iliandikwa mara moja tu na inatumika kwa orodha ya aina yoyote.

Nyingine inaandikwa hivi: \\. Unaipa orodha mbili, nayo inafuta kwenye ya kwanza kila jina inalolikuta kwenye ya pili. Hii ina sharti: lazima ielezwe vitu viwili vikoje ndipo vihesabiwe kuwa kimoja.

Sasa twende ziwani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Walikufa watu 228, waliokolewa 41. Jumlisha mwenyewe. Siku zile kila mtu aliuliza: walipanda wangapi? Mkata tiketi alikuwa amezama, na mashine yake imepotea naye. Ikabidi hesabu ianzie kwa maiti.

Miaka 22 nyuma, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha ya abiria. Daraja la tatu, la walalahoi, halikuwa nayo. Ndiyo maana mpaka leo waliokufa wanatajwa kwa namba tofauti, wengine wakisema 800 na ushee, wengine karibu 1,000.

Hebu ipe Haskell kazi hiyo. Waliopanda, toa waliookolewa, baki ni wanaotafutwa. Lakini waliopanda ni orodha tupu. Jibu litakuja mara moja: orodha tupu. Hakuna aliyepotea! Mashine haikwami wala hailalamiki. Imejibu sawasawa kwa kadiri ya ilichopewa.

Wapo wanaosema dawa ni mashine za kisasa za tiketi. Mimi nasema hapana, si peke yake. Tiketi yenye namba inakuambia wangapi, haikuambii nani. Na mashine inayosafiri na abiria inazama na abiria. Tunachohitaji ni daftari: jina, kijiji, na simu ya ndugu aliyebaki nyumbani. Kijiji ni lazima, maana visiwani majina yanafanana, na hapo ndipo lile sharti la usawa linapotubana. Kisha nakala ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa.

Mtaniambia siku ya gulio watu wana haraka. Kweli. Lakini mbona mzigo wa mfanyabiashara unaandikwa gunia kwa gunia? Gunia lina mwenyewe wa kulidai. Mtoto wa daraja la tatu naye ana mama yake gatini.

Kwetu waandishi, swali la kwanza lisiwe wamekufa wangapi. Tuulize orodha iko wapi na nani ameishika. Tena tuulize siku ya kawaida, ziwa likiwa shwari.

Au mnasemaje, ndugu zangu?